“Kumbe adui alisema kweli?” Kulielewa jitu la The Iron Giant

Tulikuwa tumefika pale jitu linapodhani rafiki yake mtoto, Hogarth, amekufa. Macho yake ya duara yanageuka mekundu, mgongo unafunguka, mikono inakunjuka, na ndani yake inachomoza mizinga ambayo hakuna aliyejua kama imo. Mpwa wangu, mwenye miaka tisa, akachukua rimoti akasimamisha filamu. “Mjomba,” akaniuliza, “kumbe yule adui alikuwa anasema kweli? Si ndiye aliyesema hili ni silaha?”

Nilimjibu kwa mkato: “Endelea kutazama, utaona.” Hakuridhika, na alikuwa na haki. Swali lake ndilo fundo lenyewe la katuni ya The Iron Giant, na watu wazima wengi wanaoisifu filamu hii wanalipita bila kuligusa. Ninaandika ili nimpe jibu nililomnyima siku ile.

Filamu za katuni zenye dubwana asiyeeleweka tumezizoea. Dubwana anatisha kwa sura tu. Ana pembe, ana manyoya, ananguruma, lakini moyoni ni mpole kuliko majirani zake wote. Wanaomkimbia wamedanganywa na macho yao, na filamu ikikaribia kwisha wanatahayari, wanamkumbatia, ngoma inapigwa. Hofu yao haikuwa na msingi tangu mwanzo. Kazi hii ya mwongozaji Brad Bird, iliyotoka Marekani Agosti 1999, haikupi njia hiyo nyepesi. Jitu lake ni pole. Linajitupa ziwani likicheza na mtoto mpaka maji yanahama. Na ni silaha ya kutisha. Yote mawili ni kweli katika mwili mmoja, kwa wakati mmoja.

Kwa ambaye hajaiona, kisa ni hiki. Ni mwaka 1957, katika mji mdogo wa kubuni unaoitwa Rockwell, jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Usiku wa dhoruba kitu kikubwa kinaanguka baharini kutoka angani. Mvuvi anakiona, na kesho yake mgahawani wanamcheka. Hogarth Hughes, mtoto wa mjane anayehudumu katika mgahawa huo huo, anafuata alama msituni mpaka kwenye kituo cha kupozea umeme. Huko analikuta jitu la chuma, refu kuliko miti, limekwenda kula vyuma vya pale na sasa limenaswa kwenye nyaya, linaungua. Mtoto amevaa kofia yenye tochi na ana bunduki ya kuchezea. Anaanza kukimbia. Kisha kilio kinamrudisha, anaitafuta swichi kuu, anaizima. Urafiki unaanzia hapo. Jitu linafichwa kwa msanii Dean McCoppin, mwenye yadi ya vyuma chakavu, mahali ambapo chakula cha jitu kimejaa tele. Na kutoka Washington anakuja afisa wa serikali, Kent Mansley, kuchunguza kilichotokea, na punde gari lake mwenyewe linang’atwa likabaki nusu.

Huyo Mansley ndiye adui aliyemsumbua mpwa wangu. Ili tumwelewe, lazima kwanza tuuelewe mwaka wake.

Tarehe 4 Oktoba 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik, chombo cha kwanza kilichotengenezwa na binadamu kuizunguka dunia. Lilikuwa tufe la chuma lenye kipenyo cha sentimita 58 na uzito wa kilo 83 na ushei. Kazi yake kubwa ilikuwa kutoa mlio, bip, bip, ambao watu wenye redio walilala wakiutega sikio mpaka betri zilipokwisha baada ya wiki tatu hivi. Tufe lile halikuweza kumdhuru hata kuku. Kilichowakosesha Wamarekani usingizi ni roketi iliyolibeba. Iliitwa R-7, na iliundwa kwa ajili ya kubeba bomu la nyuklia kutoka bara moja hadi jingine. Anayeweza kupitisha tufe juu ya paa lako anaweza kuangusha kitu kingine juu ya paa hilo hilo. Desemba ya mwaka huo Marekani ilijaribu kujibu kwa roketi yake ya Vanguard. Iliinuka mita moja na kitu, ikarudi chini, ikalipuka mbele ya kamera za televisheni.

Filamu inaanza na Sputnik hiyo ikielea angani, na papo hapo kitu kikubwa zaidi kinapita kuelekea duniani. Baadaye tunamwona Hogarth darasani, wanafunzi wakioneshwa filamu ya serikali inayowafundisha kujificha bomu la atomiki likija. Hilo halikubuniwa. Watoto wa Marekani wa miaka ile walifanya mazoezi hayo kweli, wakijikunja chini ya madawati kana kwamba ubao wa dawati ungezuia moto wa nyuklia. Mansley ametoka katika nchi hiyo. Hoja yake anaitoa waziwazi: hajui kile kitu ni nini, anachojua ni kwamba hatukukitengeneza sisi, na hilo pekee linamtosha kudhani baya kuliko yote na kukilipua.

Sasa turudi kwenye swali. Nadhani tunakwama kwa sababu tunauliza maswali mawili tukidhani ni moja. La kwanza, je, jitu ni hatari? Jibu ni ndiyo, tena kupita kiasi. La pili, ni kitu gani kinaiamsha hatari hiyo? Mansley alilijibu la kwanza kwa usahihi, akaona amemaliza kazi. La pili hakuliuliza kamwe, na filamu nzima imejengwa ili sisi tuliulize.

Tazama mpangilio wa matukio. Mwanzoni jitu halijui lolote kujihusu. Kichwani lina bonde, limegonga mahali, na kumbukumbu zimekatika. Hogarth analifundisha maneno kama mtoto mchanga, jiwe, mti. Siku moja msituni wanamkuta paa dume mwenye pembe. Jitu linainama, linanyoosha kidole kimoja taratibu mno na kumgusa. Paa anaondoka. Muda mfupi baadaye mlio unasikika, na wanamkuta amelala, hapumui, karibu yake bunduki waliyoiacha wawindaji waliotimua mbio. Jitu linamsukuma paa kwa kidole kile kile, likingoja ainuke. Hogarth anasema kwamba bunduki ndiyo iliyomuua. Usiku, jitu limelala chali kwenye vyuma chakavu likitazama nyota, linauliza kama na lenyewe litakufa. Mtoto anatafuta maneno. Analiambia kwamba ingawa ni la chuma, lina hisia na linawaza, maana yake lina roho, na roho hazifi. Ni dakika chache tu, sauti za chini, muziki karibu hakuna. Sijaona filamu ya watoto inayokizungumzia kifo kwa unyofu kama huo.

Tukio linalofuata ndilo ninalomwomba kila mzazi alitazame kwa makini. Jeshi limekuja kwenye yadi na kuondoka mikono mitupu, kwa sababu Dean amelisimamisha jitu kama sanamu yake ya sanaa. Sasa wanacheza kwenye theluji. Jitu lina herufi S kifuani kama Superman, na Hogarth anakimbia na bunduki yake ya kuchezea na kulielekezea. Macho ya jitu yanabadilika, na miale inatoka. Hogarth aliponea tundu la sindano, kwa kuwa Dean aliwahi kumvuta. Na hapo Dean, mtu mwema kuliko wote mjini, anapaza sauti na kusema maneno yale yale ya Mansley, kwamba hili ni silaha, ni bunduki kubwa inayotembea. Jitu, lililokuwa halielewi limefanya nini, linarudi nyuma likisema, “Mimi si bunduki,” kisha linakimbia.

Tofauti ya Dean na Mansley inaonekana katika kitu kidogo kinachofuata. Dean anainama, anakiokota kile kibunduki cha kuchezea kwenye theluji, anakitazama. Anaelewa kwamba jitu lilikuwa linajikinga. Lilijibu kuelekezewa silaha, basi. Alichofanya ni kurudi nyuma hatua moja na kuuliza, kabla ya ule moto, kulitokea nini? Mwendo wa mkono tu, sekunde chache, lakini bila hizo mpwa wangu angekuwa sahihi na filamu ingekuwa imejichanganya.

Kuanzia hapo kila kitu kinafuata kanuni hiyo hiyo. Jitu linafika mjini na kuwaokoa watoto wawili wanaoanguka kutoka juu. Watu wanaanza kulisogelea. Jeshi linarudi na kufyatua. Jitu halijibu, linamchukua Hogarth kiganjani na kukimbia, linagundua linaweza kuruka angani, linapigwa kombora, linaanguka. Mtoto amezimia. Jitu linadhani amekufa kama yule paa. Hapo tu ndipo mizinga yote inapofunguka. Kwa hiyo jibu langu kwa mpwa wangu ni hili: adui alisema kweli kuhusu kilichokuwa ndani ya jitu, lakini aliyekitoa nje ni yeye. Walikuja kuzuia kitu, wakakitengeneza kwa mikono yao, kila risasi ikiwa ushahidi mpya kwamba wanatakiwa kupiga zaidi.

Wazo hili lilikuwa na chanzo cha uchungu. Bird ameeleza hadharani kwamba dada yake aliuawa kwa risasi na mumewe, na kwamba alipokwenda kuomba nafasi ya kuitengeneza filamu hii alikwenda na swali moja: je, bunduki ingekuwa na roho, na isipende kuwa bunduki? Kitabu ambacho filamu imetoka, The Iron Man cha mshairi Mwingereza Ted Hughes, hakina swali hilo. Kilichapishwa 1968, na Hughes alikitunga kwa ajili ya wanawe, ambao mama yao, mshairi Sylvia Plath, alijiua mwaka 1963. Humo hamna Mansley wala Sputnik. Wakulima wanalitega jitu shimoni kwa sababu linakula matrekta yao, na baadaye jitu hilo linapambana na joka la angani lenye ukubwa wa Australia. Hughes alifariki Oktoba 1998 kabla filamu haijatoka. Ni kazi mbili tofauti kabisa, ila zote mbili zimetoka kwa watu waliofiwa, nazo zinamzungumzia mtoto kwa heshima.

Kuna jambo la kiufundi ambalo mimi nalipenda sana. Watu, wanyama na misitu vilichorwa kwa mkono. Jitu lenyewe lilitengenezwa kwa kompyuta, kwa sababu mwili wa chuma wenye mamia ya viungo ni mgumu kuuchora mara elfu bila ukubwa wake kuyumba. Lakini mstari wa kompyuta ni mnyoofu mno. Ukimweka karibu na mtoto aliyechorwa kwa penseli, jitu lingeonekana limebandikwa. Mafundi wakaandika programu ya kuutikisa mstari kidogo tu, uwe na ule mtetemo wa mkono wa mtu. Na uso wake wote ni taya na vifuniko viwili vya macho. Hana midomo, hana mashavu. Kifuniko kikishuka nusu, ana huzuni. Vikifunguka vyote, ameshangaa. Vin Diesel, aliyempa sauti, alipewa maneno machache mno, mengi yakiwa moja moja. Kwa vitu hivyo vichache mtoto wa miaka tisa alilia sebuleni kwetu.

Msomaji makini ameshaona kwamba katika aya iliyopita nimeacha kusema “lina” nikaanza kusema “ana”. Lugha yetu inatupa uamuzi ambao wahusika wa filamu hii wanauhangaikia. Zimwi tunalijua kutoka kwa bibi zetu. Zimwi lina nia. Linabadili sauti, linamngoja mtoto aliyebaki nyuma ya wenzake, linakula watu kwa sababu ndiyo kazi yake. Hata methali inayolitetea haiendi mbali: zimwi likujualo halikuli likakwisha, yaani litakula tu, ila litabakiza. Jitu ni neno jingine. Ukiliondolea ukubwa wake, linabaki mtu. Watu wa Rockwell walitazama msituni wakaona zimwi. Hogarth alikuwa wa kwanza kuona kwamba ndani ya jitu mna mtu, na nadhani Mswahili anayeisimulia filamu hii atajikuta, mahali fulani katikati ya masimulizi, amehama kutoka “li” kwenda “a” bila kupanga. Mimi huhamia pale kwa paa.

Kibiashara filamu ilianguka. Studio ya Warner Bros. iliyoitengeneza ilikuwa imepata hasara na katuni yake ya mwaka mmoja kabla, imani ikapungua, na matangazo ya hii yakawa haba. Ilirudisha takriban dola milioni 31, pungufu sana ya gharama ya kuitengeneza. Ilizoa Tuzo 9 za Annie, ambazo hutolewa kwa filamu za katuni, lakini watu wengi waliigundua baadaye, kwenye televisheni na kanda za nyumbani. Mwaka 2015 ilirudi kumbini ikiwa na vipande viwili vipya. Kimojawapo ni ndoto ya jitu, inayoonesha wenzake wengi, jeshi zima, wakiiangamiza sayari. Wengine wanakipenda kwa kuwa kinathibitisha alikotoka. Mimi nashikilia toleo la kwanza. Kutojua alikotoka kunatuweka mahali pale pale walipo watu wa Rockwell: tuna kiumbe mbele yetu na matendo yake tu, na inabidi tuamue kwa hayo.

Sehemu ya mwisho nilimwacha mpwa wangu aitazame bila maneno yangu. Hogarth anazinduka, anasimama mbele ya mizinga iliyowaka, analikumbusha jitu kwamba si lazima liwe bunduki, kwamba mtu huchagua awe nani. Mizinga inarudi ndani. Jenerali anaelewa na kuamuru askari washushe silaha. Mansley peke yake hawezi kusimama. Anapokonya redio na kuiamuru manowari Nautilus irushe kombora la nyuklia. Nautilus ya kweli ilikuwepo, manowari ya kwanza kuendeshwa kwa nguvu za nyuklia, iliyoshushwa majini 1954, ingawa haikubeba makombora ya aina hiyo. Kombora limelengwa lilipo jitu, na jitu limesimama katikati ya mji, kati ya wanawake, watoto na askari wenyewe. Jenerali anamuuliza Mansley, jitu liko wapi? Mansley anageuza shingo kulitazama, na ndipo inapomwingia.

Jitu linamwinamia Hogarth. “Wewe baki, mimi naenda. Usinifuate.” Ni maneno ya mtoto mwenyewe, yale aliyoyatumia mwanzoni alipokuwa analizuia lisimfuate nyumbani. Kisha linaruka. “Mbona asilipige kombora kwa mizinga yake?” mpwa wangu akauliza kwa sauti ndogo, na hili sikulijibu, maana niliona ameshaanza kulijibu. Mapema kwenye filamu Hogarth aliwahi kulionesha jitu magazeti yake ya katuni. Katika moja kulikuwa na roboti mharibifu aitwaye Atomo, aliyefanana nalo mno, na katika jingine Superman, ambaye naye alianguka kutoka angani akiwa hajui alikotoka. Sasa, juu kabisa, kombora likiwa limejaa macho yote, jitu linakumbuka sauti ya rafiki yake, linafumba macho, linatabasamu na kulitaja jina la yule wa pili.

Baadaye mjini wanamjengea sanamu. Hogarth anapokea kifurushi kutoka kwa jenerali, ndani yake skrubu moja, kitu pekee kilichopatikana. Usiku ule skrubu inaanza kuwaka taa ndogo na kujigonga kwenye kioo cha dirisha, tik, tik, ikitaka kutoka. Mbali huko Iceland, juu ya barafu ya Langjökull, vipande vingine vinajikokota kuelekea mahali pamoja. Mpwa wangu alikuwa ameshasogea mpaka pua yake inakaribia televisheni.

“Mfungulie,” akamwambia Hogarth. “Mfungulie dirisha, aende.”